Udongo wa Kuonyesha Wageni

Pale maabara kila mtu humwita Bi Udongo, na jina hilo amelitolea jasho. Mimi ni dereva wake, na sijawahi kuziona kucha zake zikiwa safi. Akifika shambani huvua pete, huchukua koleo la plastiki, kisha hutembea zigizaga kutoka ukingo hadi ukingo, akichota kidogo hapa, kidogo pale, na kuchanganya vyote kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haigusi, kwa sababu nayo huacha madini yake kwenye udongo. Ukimwambia achote mahali pamoja tukale, atakuuliza kama wewe hupika kwa kuonja chumvi upande mmoja wa sufuria.

Siku hizi amechoka. Hasemi, ila akipanda gari hufumba macho kabla sijawasha injini. Kazi yake ni kuwapelekea watu habari mbaya. Wanasema mjumbe hauawi, lakini hakuna aliyeahidi kwamba hatasonywa.

Safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Upande wa juu wa kijito palikuwa na karakana ya kuyeyusha betri kuukuu. Wenyewe wametokomea, ila madini ya risasi waliyoyamwaga yalifuata maji hadi mashambani. Moja ya mashamba hayo ni la dada yake Bi Udongo wa tumbo moja, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mchicha wa hapo ndio unaolisha wajukuu wa yule dada.

Tulimkuta dada akitusubiri na mfuko wa udongo mkononi.

"Nimekurahisishia kazi, mdogo wangu. Huu hapa, nimeuchekecha mwenyewe."

"Umeuchota wapi, dada?"

"Pale nilipomwaga mbolea, penye rutuba. Ulitaka nikupe ule wa bondeni unaonuka? Mgeni hukaribishwa sebuleni, si jikoni kwenye masizi."

Nilicheka. Bi Udongo aliushika ule mfuko muda mrefu. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wa kupendeza. Angeupeleka huo, majibu yangetoka safi na shamba lingebaki.

"Bibie," nikamnong'oneza, "si amekupa mwenyewe? Twende zetu." Sijisifu kwa neno hilo wala silijutii. Nilimhurumia.

"Wajukuu hawali mchicha wa hapa," akanijibu. "Wanakula wa bondeni."

Akaurudisha udongo ulikotoka, akavua pete, akaanza kutembea. Dada akanuna mpaka tunaondoka.

Majibu yalipotoka, hakutaka kupiga simu. Tulimkuta dada anachuma mchicha. Bi Udongo aliketi juu ya tuta kama mtu aliyetua mzigo, akasema bila kuzunguka:

"Dada, risasi ni nyingi mno. Usipande tena hapa kitu cha kuliwa. Na hicho ulichoshika kitupe."

"Ule wangu ungetoka mzuri."

"Ungetoka mzuri."

"Kwa hiyo umenifukuza shambani, wewe niliyekubeba mgongoni."

"Ndiyo, dada."

Nikatazama pembeni nikisubiri matusi. Hayakuja. Dada aliketi kando yake, mchicha ukiwa mapajani.

"Shamba basi," alisema. "Nitauza hata maandazi. Ila hiyo risasi humfanya nini mtoto?"

"Humchelewesha. Kukua, kujifunza, hata kusema."

Wote watatu tulimjua mjukuu wa mwisho. Wenzake wa rika lake wanaimba, yeye bado anaonyesha kwa kidole.

"Ni huu mchicha?"

"Sijui, dada. Mimi napima udongo. Yeye inabidi apimwe damu. Twende tukamchukue sasa hivi, gari lipo."

Nilikwisha kufungua mlango, lakini dada hakuinuka. Alikuwa akiyatazama yale majani.

"Wenzake niliwapakulia kijiko kimoja kimoja," alisema. "Yeye nilimwongezea kila siku, kwa sababu ni mwembamba."