Kabari Chini ya Kiti cha Baba

Shangazi yangu alishindwa mtihani wa udereva mara mbili, na mara zote mbili kilichomwangusha ni heshima. Watu wa Magongo walisema ni ufupi. Wengine walisema mwanamke na usukani haviivi chungu kimoja. Lakini mimi nilikuwamo garini siku zote mbili, kwa sababu shangazi asingekaa peke yake na mwanamume wa kando, na mtahini alikubali niketi nyuma. Nilikiona kilichotokea, nikanyamaza. Ndiyo maana nayaandika haya.

Nyumbani kwetu kiti cha baba hakikaliwi. Kiko barazani, cha kamba, na hata baba akisafiri kinabaki kitupu. Mgeni asiyejua akikikalia, mama hukohoa mpaka mgeni aelewe. Basi na garini ikawa vivyo hivyo. Baba alikuwa dereva wa zahanati moja hapa Changamwe, mrefu wa kuinamia kila mlango, na kiti cha dereva alikuwa amekisukuma nyuma kabisa, kisha akakipigilia kabari ya mbao chini yake kisije kikateleza. "Kiti hiki kimeshaujua mgongo wangu," alikuwa akisema. Miaka minne hakikusogea hata unene wa kidole.

Shangazi ni dada yake mdogo, mkunga wa zahanati hiyo hiyo. Akisimama karibu na baba, kifuani hamfiki. Daktari alikuwa amemwahidi kwamba akipata leseni atakuwa akipewa gari siku tatu kila wiki, awafuate wajawazito majumbani mwao, kutoka Magongo mpaka kule karibu na kiwanja cha ndege, maana wengine walikuwa wakijifungulia njiani. Baba akakubali kumfunza. Lakini kumfunza ni jambo moja, na kumsogezea kiti ni jambo jingine. Baba hakulifikiria, na shangazi hakuthubutu kuomba. Aliweka mto wa sufi mgongoni. Akanunua viatu vya kisigino kirefu. Akaendesha kwa ncha za vidole vya miguu, kama mtu anayechungulia ua wa jirani.

Mtihani wa kwanza gari lilimzimikia mara tatu. Wa pili, mtahini alipomwambia asimame ghafla, mguu uliteleza juu ya breki na gari likaenda kusimama katikati ya shamba la mihogo la mtu. Daktari akasema atamngojea mara moja tu tena. Akishindwa, gari litapewa mkunga mwingine, wa Kisauni.

Jioni ile shangazi alirudi kwetu peku, viatu mkononi. Akaketi mkekani karibu nami, akaniambia polepole, "Mwanangu, labda hao wanaosema, wanasema kweli."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angelia. Maana mimi nilijua si kweli.

Lakini mimi ni mwoga wa kusema. Shuleni mwalimu akinitaja jina, sauti hukimbilia tumboni ikajificha huko. Ninayotaka kuyasema huyaandika katika daftari ninaloliweka chini ya godoro, na mara nyingi huishia humo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikifuta vumbi garini, nikakiona kijitabu cha gari ndani ya kishubaka, mbele ya kiti cha abiria. Kurasa zilikuwa zimegandana, hakuna aliyewahi kukifungua. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza ndicho tunachosomea. Kikasema kiti cha dereva husogea, na kwamba chini yake kuna kijiti cha chuma cha kuvuta. Dereva akae mgongo umeegemea, na akikanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki na mkunjo kidogo. Ukurasa wa nyuma palikuwa na mwandiko wa mkono wa daktari wa zamani, yule aliyewahi kurusha ndege vitani, ambaye kabla ya kurudi kwao Ulaya alifungisha kwenye viti vya mbele mishipi miwili ya kumshika mtu kitini. Aliandika: mshipi ukae nyongani, usikae tumboni, usijipinde, ubane.

Mishipi hiyo sote tuliijua. Baba aliiita kamba za daktari, na kazi yake ilikuwa kufungia magodoro ya wagonjwa.

Siku tatu nilizunguka na maneno hayo kama mtu aliyemeza mfupa. Siku ya nne, baada ya Alasiri, baba akiwa barazani na kahawa yake, nilimwendea nikampa daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Nilikuwa nimeandika: Baba, kiti cha gari kinasogea. Shangazi haifikii breki. Tafadhali.

Baba alisoma. Akasoma tena. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Hati hii ni yako?"

"Ndiyo, baba."

"Na mdomo wako uko wapi?"

Akalifunga daftari, akanirudishia. Akasema, "Kamwite shangazi yako. Na mama yako akupe mafuta ya nazi."

Kabari iling'oka kwa nyundo. Kiti chenyewe kilikuwa kimeshikwa na kutu, tukakimiminia mafuta, baba akavuta kijiti na kusukuma kwa bega, kikapiga kelele kama punda aliyekanyagwa. Kikaja mbele. Shangazi akaketi bila mto, bila visigino, nyayo zake zote mbili zikatua bapa juu ya vikanyagio. Akashika usukani, akatazama mbele, akacheka mpaka machozi.

"Kaka, wallahi naiona barabara! Siku zote hizi nilikuwa naendesha nikitazama mbingu!"

Baba hakucheka. Nilimwona anaipindua pindua ile kabari mkononi. "Ulikuwa hufiki, na hukunambia?"

"Ningekwambiaje, kaka? Kiti ni chako."

Nikaingiza mkono kando ya kiti, nikautoa mshipi. Baba akasema, "Kamba za magodoro hizo."

"Basi leo mimi ni godoro?" shangazi akauliza. Lakini akaufunga, tumboni, juu ya buibui lote lililojikunja. Nikaona si ndivyo. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Si hapo, shangazi. Inua buibui kwanza. Shusha chini, pale unapofunga leso ukitwanga."

Akanigeukia, macho makubwa. "Kumbe ni kibwebwe! Si ungesema mapema?" Akaliinua buibui, akaushusha mshipi nyongani, akaubana kwa mkono wa mtu aliyefunga kibwebwe maisha yake yote, kisha akaliacha buibui limwagike juu yake. Alikuwa ametulia kitini kama jiwe la kusagia.

Siku ya mtihani baba ndiye aliyetuendesha hadi pale, kwa hiyo kiti kilikuwa kimerudi nyuma. Hilo hatukuliwaza. Pembeni mwa barabara palikuwa na madereva wengi, marafiki wa baba, wanabishana juu ya uhuru na nani atapata kazi gani bendera ikishapanda. Walipomwona shangazi anaingia upande wa usukani, nami nyuma kama kawaida, mmoja akapaza sauti, "Leo tena, bibi? Mihogo yenyewe bado haijapona!"

Wakaangua kicheko. Baba alikuwa amesimama nje, dirishani.

Nikauona mkono wa shangazi ukishuka kukitafuta kile kijiti, ukakigusa, ukasimama. Nikaelewa. Nyumbani ni nyumbani. Lakini kukisogeza kiti cha kaka yake mbele ya wanaume wenzake wote wale? Mkono ukarudi juu ya usukani. Mtahini, Mzungu mwenye kofia ngumu ya jua, akaingia, akafungua karatasi zake, akasema, "Washa gari."

Nyayo za shangazi zilikuwa zinaning'inia.

"Shangazi, kiti!"

Sikujua ni sauti yangu mpaka nilipoona watu wote wamegeuka. Ilikuwa kubwa. Ilifika ng'ambo ya barabara. Masikio yalinichoma, nikatamani kuingia chini ya kiti chenyewe, lakini neno likishatoka halirudi, na mimi sikutaka lirudi.

Baba akainama dirishani. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Dada, kiti ni cha anayeendesha. Sogeza."

Akasogeza. Kiti kikapiga kelele ya punda tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Akarekebisha kioo. Akainua buibui, akajifunga mshipi nyongani, akaubana.

Mtahini alimtazama. "Hicho cha nini?"

"Cha kunishika, bwana. Wako uko hapo ubavuni mwako."

"Mimi si mzigo," akasema, akaandika kitu.

Tukaondoka. Gari halikuzima. Shangazi alibadili gia kama anayekoroga uji. Tulipokuwa tunateremka upande wa kiwanja cha ndege, mkokoteni wenye madebe ya maji ukamponyoka mwenyewe juu ya kilima na ukaja kukatiza mbele yetu, madebe yanaruka, mwenyewe anapiga mayowe nyuma yake. Shangazi alikanyaga breki kwa mguu mzima. Gari likasimama pale pale. Mkokoteni ukapita hatua mbili mbele yetu, ukajitupa mtaroni.

Mimi niligonga pua kwenye kiti cha mbele. Mtahini alikwenda na kofia yake mpaka kwenye kioo, kofia ikabonyea kama papai bivu. Shangazi peke yake hakutikisika. Mikono kwenye usukani, mgongo kwenye kiti.

Akamgeukia kwa upole wa mkunga. "Pole, bwana. Umeumia?"

Mtahini aliivua kofia, akaitazama. Kisha akapapasa ubavuni mwake, akautoa mshipi, akaufunga kimyakimya. "Endelea," akasema.

Tuliporudi, madereva walisimama wima. Mtahini alishuka, kofia kwapani, akampa shangazi karatasi na mkono pia. Yule wa mihogo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele kimoja kirefu, humo humo garini, bado amefungwa mshipi.

Baba akaja upande wa dereva, kwa mazoea, akataka kufungua mlango. Akasita. Akazunguka, akaketi kiti cha abiria, magoti yamempanda kidevuni. Nikamwonyesha kijiti cha kiti chake, akajisogeza nyuma. Akahangaika na mshipi kwa muda.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Hii inafungwaje?"

Nikamwambia, kwa sauti, nyongani. Shangazi akatuendesha mpaka nyumbani. Kabari siku hizi iko jikoni kwa mama, inazuia mlango usigongwe na upepo.