Mwalimu Aliyerekodiwa Amelala

Mwalimu wa jiografia alilala darasani mara moja tu tangu aanze kazi, na hiyo moja ndiyo iliyozunguka mji mzima. Wiki ile alikuwa akimuuguza mama yake. Wanafunzi wakinakili ramani, usingizi ukamwiba, akalaza kichwa mezani, mdomo wazi. Mmoja akamrekodi kwa simu. Kufikia jioni hata muuza mkaa alikuwa ameiona video, na jina likamganda: Mama Usingizi.

Mkuu wa shule alimpa pole, kisha akamkabidhi somo la usalama mtandaoni. "Wewe yamekukuta, mwenzangu. Utawaeleza vizuri."

Hakubisha. Kubisha nako kunataka nguvu.

Basi kila Ijumaa akawafundisha: nywila usimpe mtu, picha usimtumie usiyemjua. Wanafunzi walipiga miayo makusudi, wakachekeana chinichini. Yeye akaendelea kuandika ubaoni. La kuvunda halina ubani.

Siku moja, baada ya kipindi, msichana wa kidato cha pili alibaki nyuma akijifanya anafunga begi.

"Mwalimu, kuna mtu mtandaoni nilidhani ni rika langu. Nilimtumia picha. Sasa anataka nyingine, la sivyo ataisambaza hiyo."

Mwalimu akavuta kiti. "Umemtumia ya pili?"

"Bado."

"Usitume. Usimjibu, wala usifute kitu. Maneno yake ndiyo ushahidi. Mama anajua?"

"Ataniua."

"Hatakuua. Tutakwenda wote. Lakini mbona hukumwendea mwalimu wako wa darasa?"

Msichana akainamisha macho. "Wewe walishakucheka. Nilijua hutanicheka."

Mama mtu, fundi cherehani, aliwasikiliza huku mguu umesimama juu ya pedali. Kisha akanyanyuka, mkono juu. Mwalimu akaudaka.

"Dada, mwizi yuko kule. Huyu ndiye aliyeibiwa."

Mkono ukashuka taratibu. Mama akakaa, akalia.

Walikwenda polisi wote watatu, wakasubiri kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Akaunti ya yule mtu ikafungwa, na picha haikutoka. Lakini haukupita muda akaibuka kwa jina jingine. Safari hii msichana hakumjibu neno. Aliipeleka simu moja kwa moja kwa mwalimu, aliyekuwa akisahihisha madaftari.

Mwalimu akasoma, akafumba macho kidogo, akachukua mkoba.

"Umechoka, mwalimu?"

"Nimechoka, mwanangu. Twende tumpitie mama yako."