Zipora na Ofa ya Chupa Tatu

Kama hujamwona Zipora wa Mhezi akinadi jogoo Jumapili baada ya ibada, basi hujui jinsi pesa inavyoweza kumtoka mtu mfukoni huku anacheka. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, ukipishana naye njiani unaweza usimkumbuke. Lakini akishapanda juu ya benchi lililotolewa nje ya kanisa, akafunga kanga kiunoni na kuinua mkono, hata wale walioanza kuteremka kuwahi makande yao nyumbani hugeuka na kurudi.

Mnada wenyewe ni wa sadaka. Asiye na fedha huleta alicho nacho, iwe mkungu wa ndizi, maharage au kuku, na vitu hivyo hunadiwa hapohapo uwanjani. Kila mtu anajua yai bei yake ni mia tano, na kila mtu anajua atalinunua kwa zaidi, maana anampa Mungu. Zipora aliianza kazi hiyo miaka kumi na tisa iliyopita, siku mzee Eliufoo, mnadi wa zamani, alipokaukiwa na sauti kwa mafua. Alidakia katikati ya mnada, akauza yai moja kwa elfu saba. Aliyelinunua alikuwa Tumainieli, mumewe mwenyewe, na yai lilikuwa limetagwa na kuku wao. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Tangu hapo akawa ndiye mwenye bei za kijiji kizima cha Mhezi. Anayetaka kujua tangawizi wiki hii inauzwaje, au bati limepanda kiasi gani, anakwenda kwa Zipora. Naye anapenda kuulizwa, tusifichane. Anapenda mno.

Kwa hiyo Umoja wa Wanawake wa kanisa ulipochanga shilingi laki mbili ili wajane na wazee thelathini wapate kila mmoja chupa ya mafuta ya kula kwa ajili ya Krismasi, hakuna aliyeuliza nani atashuka Same kununua. Zipora alipanda basi la alfajiri, na saa nne alikuwa ndani ya supamaketi mpya iliyo karibu na barabara kuu.

Jamani, ile supamaketi! Muziki unapiga, taa zinawaka mchana kweupe, na kila kona bango jekundu: OFA! OFA! OFA! Zipora alisimama mlangoni moyo unamdunda. Hapa palikuwa na mnada, tena mnada wa maandishi. Kwenye rafu ya mafuta bango lilikuwa kubwa kama mlango wa kabati: CHUPA 3 KWA 20,000 TU! Akahesabu vidole. Chupa thelathini ni mara kumi, na ishirini elfu mara kumi ni laki mbili kamili. Bajeti imekaa kama vile ilipimwa! Alitaka kupiga vigelegele palepale.

Bei ya chupa moja hakuiangalia. Na kwa nini aiangalie? Yeye amezaliwa na kukulia sokoni, na sokoni sheria ni moja: ukichukua kingi unapunguziwa, na juu yake unaongezewa. Muuza nyanya anayekutoza zaidi kwa sababu umechukua mafungu matatu, huyo hajazaliwa Upare. Zipora alilipa, akaikunja risiti na kuitia kifuani, akapakia maboksi yake na kurudi mlimani akiimba.

Wajane walipata mafuta yao, na Krismasi ikawa Krismasi. Balaa lilianza Januari.

Mweka hazina wa Umoja ni Prisca, mwanamke makini ambaye hata sala yake ina mpangilio. Mkwewe Magreth anaishi Same, na siku moja alipita kwenye supamaketi ileile akaipiga picha rafu ya mafuta na kumtumia. Lile bango la ofa lilikuwa limeshaondolewa. Chini ya chupa zilezile kulikuwa na kibandiko kidogo: 6,500. Prisca alizidisha mara thelathini, akapata laki moja na tisini na tano elfu. Akazidisha tena, ikawa ileile.

Katika kikao cha Umoja aliuliza kwa upole, na upole wa Prisca ndio unaoogopwa.

"Dada Zipora, ile elfu tano iliyobaki ilikwenda wapi?"

"Elfu tano ipi? Hela yote imeishia kwenye mafuta. Risiti si nilikupa?"

Risiti alimpa, ndiyo. Lakini karatasi za mashine hizi hazipendi joto, na ile ilisafiri kutwa nzima kifuani mwa mtu aliyebeba maboksi. Ilikuwa imegeuka nyeusi tii, hata tarakimu moja haikuonekana.

"Chupa moja ni elfu sita na mia tano," Prisca alisema.

"Sikununua mojamoja! Nilinunua kwa ofa!"

Prisca akasema taratibu, "Kwa ofa? Basi ilitakiwa ibaki zaidi ya elfu tano."

Zipora aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona jambo lililomtia baridi kuliko ukungu wa mlima Shengena. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba Zipora alidanganywa. Zipora anayejua bei ya kila kitu? Haiwezekani! Sasa kama hakudanganywa, basi alikula. Na hakula fedha ya mtu yeyote hivihivi. Amekula mafuta ya wajane.

Lisemwalo lipo, watu walianza kusema kisimani, na kama halipo laja. Tumainieli alishauri kama mwanamume anayetaka kulala kwa amani.

"Mama Filipo, tuuze tangawizi kidogo, uwape elfu tano yao, yaishe."

"Baba Filipo, nikiwapa hiyo elfu tano ndipo nitakuwa nimeiba," alijibu. "Kesho nashuka Same."

Alishuka, akaingia supamaketi na kwenda moja kwa moja kwenye mafuta. Bango halikuwepo. Lakini rafu ya pili kulikuwa na lingine, jekundu, kubwa, linawaka: SABUNI 4 KWA 10,000 TU! Watu walikuwa wanajaza vikapu. Safari hii Zipora hakutazama bango. Aliinama, akavaa miwani, akatafuta kile kibandiko kidogo cha chini ambacho mtu mzima hawezi kukiona bila kupiga magoti. Sabuni moja, 2,400.

Akahesabu. Akahesabu tena kwa vidole. Nne ni elfu tisa na mia sita!

Alipiga kelele. Si ya hasira, bali ni ile kelele ya mtu aliyepotewa na mbuzi siku tatu akamkuta kwenye shamba la jirani. Msichana wa kaunta, jina lake Asteria kwa mujibu wa kitambulisho shingoni, alikuja mbio.

"Shikamoo mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Sabuni moja shilingi ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne."

"Na nne?"

"Elfu kumi, mama. Ni ofa."

"Hebu zidisha."

Asteria alitoa simu, akabonyeza, akaitazama. Akabonyeza tena. Akageuka nyuma kuangalia kama bosi anaona, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi mwenyewe jana nimenunua nne."

Hapo Zipora alicheka mpaka machozi, akiwa bado amepiga magoti. Aliona kila kitu. Sauti kubwa juu, bei ndogo chini, haraka, rangi nyekundu, mwenzako anachukua na wewe usije ukakosa. Hiyo ni kazi yake! Miaka kumi na tisa anaifanya! Mwosha huoshwa, naye ameoshwa, akakaushwa na kuanikwa.

Lakini ndani ya basi la kurudi furaha ilipungua kidogo. Sabuni haithibitishi mafuta. Angekwenda kwa Prisca na hadithi ya sabuni, angeonekana mwizi mwenye maneno mengi. Tena kusema "nilidanganywa" ni kuvua kilemba chake mwenyewe. Nani ataamini bei anazotaja? Nani atainua mkono kwenye mnada wa mtu asiyejua kuzidisha? Alitafakari mpaka Mhezi. Aliposhuka alikuwa ameshaamua kwamba heri aitwe mjinga.

Jumapili ile alimwomba mwinjilisti Zebedayo dakika tano kabla ya mnada. Alipanda benchi akiwa na tenga la maparachichi na kipande cha boksi alichokiandika kwa rangi nyekundu.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Haya si sadaka. Haya ni maparachichi ya shamba langu, nauza kama dukani, kila mtu apate faida yake. Moja," akasema haraka kama mtu anayekohoa, "mia nne." Kisha sauti ikapanda, ikagonga bati la kanisa. "Lakini leo! Leo tu! Ofa! Matano kwa elfu mbili na mia mbili! Nani wa kwanza? Yanakwisha! Mama pale, utakosa! Mzee Eliufoo, yanakwisha!"

Mwee, mikono hiyo! Kwaya ilivunja mstari. Eliufoo, mnadi wa zamani, alisukumana na mashemasi. Prisca, mweka hazina, mwenye mpangilio hadi katika sala, alichukua kumi. Mtu mmoja tu hakuchukua ofa, naye ni bibi Raheli, mjane asiyejua kusoma.

"Nipe moja, mwanangu," alisema. "Nala peke yangu. Hayo mengine si yataoza?"

Tenga lilipobaki tupu, Zipora aliwageukia watoto wa kipaimara waliokuwa wamekaa mbele kwenye nyasi.

"Wanangu, mia nne mara tano ni ngapi?"

"Elfu mbiliii!" walijibu kwa pamoja, kama darasani.

"Na mama zenu wamelipa ngapi?"

Watoto walitazamana. Watu walianza kuangalia maparachichi mikononi mwao, na mzee Eliufoo alisikika akihesabu kwa sauti. Kisha mtu mmoja nyuma aliachia kicheko, na kicheko kile kikakimbia uwanja mzima.

Zipora hakucheka.

"Hivyo ndivyo nilivyouziwa mafuta," alisema. "Chupa tatu elfu ishirini, na moja elfu sita na mia tano. Bango nililiona, kibandiko sikukiona. Mimi niliyewauzia yai kwa elfu saba, niliingia Same nikauzwa mimi. Ya wajane sikula hata senti. Wizi sikufanya. Ujinga nimefanya, na ujinga huo naukiri mbele zenu na mbele za Mungu." Akashuka na mfuko wake wa sarafu, akaanza kumrudishia kila mtu mia mbili yake, mmoja mmoja. Alipofika kwa Prisca akamhesabia mia nne. Prisca alizipokea bila kuinua macho.

Mwinjilisti alikohoa, akasema mnada uendelee. Zipora aliomba mwingine anadi, lakini hakuna aliyesogea. Basi akapanda tena, safari hii polepole, akapokea jogoo mwekundu aliyetolewa sadaka na familia moja ya mtaa wa juu. Akamwinua. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jogoo huyu. Nani anaanza?"

Hakuna mkono uliopanda. Watu walitazama chini, wengine wakatabasamu tabasamu la mtu anayehesabu kwanza. Zipora alimshusha jogoo kidogo. Miaka kumi na tisa imekwisha, aliwaza, na imekwishia kwenye parachichi.

"Elfu hamsini," mtu alisema.

Alikuwa Prisca. Alikuwa amesimama, maparachichi yake kumi yamefungwa kwenye kanga.

"Prisca," Zipora alisema, akasahau kabisa kwamba yeye ndiye mnadi. "Jogoo huyu hafiki hata elfu ishirini na tano."

"Najua bei yake, dada," Prisca alijibu, na sauti yake haikuwa na mpangilio hata kidogo. "Nimesema hamsini. Nadi."

Zipora alifungua mdomo atangaze mara ya kwanza, sauti ikakataa. Ikabidi mwinjilisti Zebedayo amhesabie hizo mara tatu.