Tando Mbili za Mama Ndeshi

Nilikwenda Marangu kwa sababu bosi wangu alikuwa amenichoka. Ndoo yetu ya kusafisha maji machafu na kutoa umeme ilikuwa imewasha taa chuoni tu, hapa Morogoro. Akasema wazi: isipowaka kwa mpika mbege, pombe ya ndizi, ndani ya siku kumi, mradi unafungwa nami narudi kuosha chupa za maabara.

Pale Himo, nikibadilisha gari na ndoo mapajani, abiria aliuliza kama nimepakata supu. Nikasema ni vijidudu. Nikapata kiti kizima peke yangu.

Saa tisa alasiri nilifika kwa Mama Ndeshi, mpika mbege. Kwake hata chini ya migomba pamefagiliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndoo ina nini?"

Nikajieleza kisomi. "Siri yake ni tando mbili, mama. Mmoja wa plastiki, unaigawa ndoo. Mwingine wa vijidudu, umeota kwenye kitambaa hiki cheusi. Vinakula uchafu, umeme unatoka."

Akanipa mtori, supu nzito ya ndizi. Nikalala fofofo.

Asubuhi nilikuta utando wa plastiki umeanikwa kwenye kamba, umejikunja kama chapati ya juzi. Kitambaa kimesuguliwa kwa majivu.

"Mgeni wangu hatumii chombo chenye utando," alisema. "Majirani watasemaje?"

Nililia, sioni haya kusema. Nilipomweleza kwamba amesugua kazi yangu, akashika kichwa.

"Yesu wangu! Vinaota tena?"

"Vikilishwa."

Nikafunga utando wa akiba, nikachota tope la mtaroni lenye vijidudu vipya. Kila asubuhi Mama Ndeshi alivimiminia maji aliyooshea mapipa ya mbege. "Mmeamkaje? Kuleni basi, msinitie aibu!" Siku ya tisa bado giza.

Siku ya kumi, saa nne, taa ikawaka, ndogo kama punje ya ulezi. Nikaruka, nikampigia bosi.

Mama Ndeshi akainama. "Inamulika nani, sisimizi?" Kisha akaenda kuwaita majirani wote.

Bosi alifurahi, akaniagiza nipite Shirimatunda, nyumba ya pili ya majaribio, kabla ya kurudi. Nilikuwa nimejifunza: neno la kitaalamu lisiingie jikoni bila kubisha hodi. Sikutaja utando kabisa. Nilisema ndoo ina ngozi mbili.

Baba mwenye nyumba akachungulia ndani, akanikazia macho. "Na nyama yake mmempa nani?"