Kilima Kilichomshinda Masanja

Haya sikusimuliwa. Yalinikuta mimi mwenyewe, jua la saa saba mchana, akili timamu. Anayebisha aje Bugarama nimwonyeshe kilima.

Niliishia darasa la nne, lakini duara langu, shimo la dhahabu, nimelichimba kwa mikono hii, na nyumba nimejenga mjini, Kambarage. Nani angenifundisha kununua pikipiki? Nilitaka mbili za umeme, za porini, za kubebea mawe kutoka duarani hadi karasha la kusagia, ng'ambo ya kilima.

Muuzaji akasema, "Bosi, hii ya bei chee ni ya tambarare. Kwa mzigo na kilima, chukua zenye nguvu zote mbili."

Nikachukua moja yenye nguvu, ya kutembelea mwenyewe. Ya bei chee nikampa Masanja, kaka wa mke wangu, mbeba mawe wangu.

"Shemeji," akacheka, "wewe unabeba kitambi unapanda dume, mimi nabeba mawe napanda mbuzi?"

"Kilima kikikushinda, sukuma!"

Watu wakaangua kicheko.

Siku ya tatu kikamshinda. Ilikata nguvu katikati ya mwinuko, ikarudi kinyumenyume na mifuko yake ya mawe, ikamlalia kifuani. Tukamzika.

Kwetu, matanga yasipoanuliwa hakuna kushika jembe wala sururu. Mimi nikajiona mjanja. Nikachomoka msibani, nikapakia mfuko mmoja tu kwenye ile yenye nguvu.

Betri ilikuwa imejaa, niamini. Katikati ya kilima ikalegea, kama kuna mtu karukia nyuma. Pikipiki ya umeme haina kelele. Nilisikia pumzi shingoni mwangu wazi kabisa.

"Mwadila, shemeji." Salamu yake ya mchana. Mjinga mimi, nikaitikia. "Teremka. Kimetushinda. Tusukume."

Nikateremka. Nyuma hakuna mtu. Nikasukuma hadi juu, na pembeni yangu mtu anahema.

Tangu siku hiyo hakuna pikipiki inayonipandisha pale, hata ya mafuta, hata nikipakiwa. Fundi anasema ni nzima. Vijana wa karasha wananizomea, "Bosi, dume limechoka?" Mke wangu? Ananiwekea chakula, anageukia ukutani.

Wewe unayekwenda dukani, usipime pikipiki kwa ukubwa wa mwenye mali. Yenye nguvu mpe anayebeba. Ukikaidi, utasukuma, na hutasukuma peke yako.