Trakisheni Aliyonifungia Ignas

Siku niliyomwita mama aliyenilea mchawi, mwanaye wa kumzaa ndiye aliyenishika bega na kuniambia, "Umefanya la maana, ndugu yangu."

Wakuu, sijaja hapa kuomba ushauri. Nimekuja kutema nyongo.

Niiteni Maduhu. Kwetu ni Samuye, Shinyanga, ila riziki naitafutia Katoro, kule Geita kwenye dhahabu. Sichimbi. Nilikuwa dereva, na chombo changu kilikuwa Mark II nyeupe.

Usicheke. Haikuwa ile ya kumpelekea shangazi kanisani. Nilikuwa nimeitoa injini yake na kuipandishia ya turbo, na ukikanyaga mafuta kichwa kinagonga siti. Wanunuzi wa dhahabu wenye haraka zao walikuwa wananiulizia kwa jina. Gari lile ndilo lililokuwa shamba langu, ng'ombe wangu na kila kitu changu.

Tatizo lilikuwa nguvu yenyewe. Yote ilikwenda tairi za nyuma, na njia za machimboni unazijua, kiangazi changarawe, masika tope. Siku moja mvua imetoka kunyesha, nikakanyaga kidogo tu, gari likageuka lote likaangalia nilikotoka. Bodaboda aliyempakia mama mjamzito alinipita kwa upana wa kiganja.

Nikalizima gari palepale.

Nikampigia Ignas.

Ignas ni mtoto wa mama yangu mkubwa aitwaye Mbuke, ambaye sote tunamwita Mayu, yaani mama. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Mayu akanichukua, akatunyonyesha wote wawili, mimi na Ignas. Kwa hiyo usiniambie habari za binamu. Yule alikuwa ndugu yangu wa titi moja, na akatokea kuwa fundi umeme wa magari, tena mkali kinoma.

"Dawa yake ipo," akasema. "Inaitwa trakisheni."

"Ndiyo nini?"

"Kila tairi inafungwa sensa, kidude cha kupima mzunguko, na boksi linasoma mwendo. Likiona za nyuma zinazunguka kuliko za mbele, linajua zinateleza. Linakata moto wa injini kidogo mpaka zishike ardhi. Hata ukanyage kama kichaa, gari halikutupi."

Akaagiza kifaa Dar. Tukakifungia uani kwa Mayu, Samuye. Kwenye dashibodi akaniwekea swichi yenye taa ndogo ya kijani. "Ukitaka kukizima, bonyeza hapa," akanielekeza.

Tukajaribu kwenye tope la mbugani. Mwanangu, gari lilitulia! Nilikanyaga, likapanda taratibu bila kupepesuka. Nilimkumbatia Ignas na matope yangu yote.

"Acha nimalizie kuliseti," akasema, akaingia ndani ya gari na kompyuta yake.

Alipotoka, Mayu akaja na kata ya maji. Kwetu kitu kipya hakitoki nyumbani hivi hivi. Akajaza maji mdomoni, akapulizia boneti, akataja majina ya wazee wetu waliolala, akasema, "Nenda salama, ng'wanawane, mwanangu, urudi salama." Maji hayo nimekulia nayo. Alinipulizia nilipoanza shule, akanipulizia nilipopata leseni.

Nikaondoka moyo mweupe.

Sikufika mbali. Nikiwa nalipita lori, gari likakata pumzi. Nakanyaga, linakohoa. Mbele basi linakuja na honi. Sijui nilirudije nyuma ya lile lori, najua tu kwamba nilipaki pembeni.

Nikabonyeza swichi. Taa ikazimika. Nikajaribu tena, gari bado linakohoa.

Basi, si kifaa. Ndivyo nilivyoelewa, na wewe ungeelewa hivyo hivyo.

Mafundi wa Katoro wakabadilisha plagi, wakabadilisha pampu, wakasafisha tangi. Hola. Wateja wakaanza kunikimbia. Ignas akaja kutoka Shinyanga, akaliendesha, akabonyeza swichi yake, akashuka anatikisa kichwa.

"Kifaa nimekizima na ugonjwa upo palepale. Hii si ya kifundi, Maduhu."

"Ni ya nini sasa?"

Akaanza kulia. Mwanaume mzima, machozi yanadondoka kwenye ovaroli.

"Yale maji," akasema.

"Maji gani?"

"Ya mama. Nilimwona akitia kitu kwenye ile kata. Sikutaka kuamini. Ni mama yangu mzazi, unadhani napenda kusema?"

Hapo ndipo nilipoingizwa mjini, wakuu. Maana niambieni, nani anamsingizia mama yake mzazi uchawi? Tena Usukumani, ambako mwanamke mtu mzima akipachikwa jina hilo hana tena usingizi kwa kuogopa mapanga? Nikasema huyu kachagua ukweli kuliko mama yake. Nikamwonea huruma yeye!

Nikaenda naye Samuye nikiwa nawaka. Mayu alikuwa uani anabangua karanga na majirani zake. Hata shikamoo sikutoa.

"Umelifanya nini gari langu?"

"Mimi, baba?"

"Wewe! Nimekukosea nini mpaka uniloge? Mchawi mkubwa!"

Wale wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakachukua ungo zao, wakaondoka bila kuaga. Mayu hakujitetea hata kwa neno moja. Na Ignas akanishika bega, akaniambia lile neno nililowaambia mwanzo.

Wiki hiyohiyo akanishauri niliuze. "Liondoe kabla halijakuzika." Mteja aliyemleta ni yeye mwenyewe, jamaa anaitwa Maganga. Gari likaenda kwa bei ya kutupa, na mimi mjinga nikashukuru.

Nikarudi kuwa dereva wa kuajiriwa, natoa samaki Chato kwenye kilori cha Fuso cha watu. Na ni hukohuko Chato nilikoliona. Mark II yangu ile ile nyeupe ilitoka sheli, ikapanda barabara ya vumbi kama imetupwa, haikukohoa wala kupepesuka. Ilipogeuza kurudi nikasimama katikati ya njia.

Maganga akashuka, akanikumbuka.

"Mlibadilisha injini?" nikamuuliza. Hata salamu ilinipotea.

"Injini ile ile, kaka. Ignas alichomeka kompyuta tu, akarekebisha ukubwa wa tairi."

"Ukubwa wa tairi?"

"Eeh. Boksi lilikuwa limeambiwa tairi za mbele ni ndogo kuliko zilivyo. Likawa linapiga hesabu kwamba za nyuma zinateleza muda wote, linakata moto. Anasema fundi wa kwanza alikosea."

"Na swichi?"

"Ile? Ilikuwa inawasha taa tu. Haikufika kwenye boksi."

"Maganga, fundi wa kwanza ni Ignas."

Akaacha kutabasamu. Akaangalia gari, akaniangalia. "Kaka, mimi simo. Hili gari ni lake. Mimi naendesha tu, hata siku ile nilitumwa."

Nikampigia Ignas palepale. Alisikia sauti yangu na jina la Maganga, akakata, na mpaka leo kanibloku.

Hata sikulilia gari. Nilimlilia Mayu.

Nikaenda Samuye. Nilimkuta uani anabangua karanga peke yake, maana tangu siku ile hakuna jirani aliyekanyaga pale, na watoto wanapitishwa njia ya mbali. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, tairi, swichi, Maganga. Nilitegemea apige yowe.

"Nilijua, baba," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku mnafunga, nilimsikia nyuma ya jiko anaongea kwenye simu. Anamwambia mtu gari litakuwa letu, Maduhu ataliuza mwenyewe."

"Mayu! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungempeleka polisi."

"Ukakubali nikuite mchawi mbele za watu?"

"Mimi nimeshazeeka. Yule ni mwanangu."

Nikamwangalia yule mama aliyeninyonyesha.

"Na mimi je, Mayu?"

Aliinama, akaendelea kubangua karanga.

Wakuu, Ignas aliniibia gari, na hasira zake ninazo. Lakini ukimya ule ndio ulioniua.

Nilizunguka kwa majirani nikasema nilikosea, Mayu hana hatia. Wakaniuliza, "Basi ni nani?" Mayu alikuwa ameniomba nisimtaje Ignas kijijini, kwa hiyo nikanyamaza. Wakatazamana. Nikasikia mmoja ananong'ona, "Masikini, yule bibi ameshamfunga hata mdomo."

Somo langu ni hili: mtu akikuletea habari mbaya za mtu wake huku analia, usiyapime maneno yake kwa machozi. Yashike maneno peke yake, yakague, ufungue mpaka waya wa mwisho. Mimi nilikuwa na swichi mkononi, sikuwahi kuigeuza nyuma nione inakwenda wapi.

Sukari na dawa za presha bado nampelekea Mayu. Sijapuliziwa maji tena, na yeye hajawahi kujaribu.