Mnazi Katika Ardhi ya Bi Rukia

Kila nisikiapo mbuzi ikikuna nazi, hurudi Mjambere, uani kwa bibi yangu Dorkasi, masika yale nilipokuwa darasa la nne. Ua ulinukia udongo mbichi, moshi wa makumbi na tui linalokaribia kuchemka. Nyumba ilikuwa yake, tangu msingi hadi makuti ya jikoni, lakini ardhi iliyoibeba ilikuwa ya jirani yetu, Bi Rukia. Ndivyo wengi tunavyoishi Kisauni hadi leo: nyumba yangu, kiwanja chako. Sharti lilijulikana hata na watoto: panda mchicha, panda bamia, ila mnazi usipande, kwa kuwa mnazi huishi kuliko mtu, na mwenye mnazi kesho atadai na udongo.

Bibi alizaliwa Frere Town, katika ukoo wa watu waliotekwa utumwani, wakakombolewa baharini, wakateremshwa pale bila kuijua njia ya kurudi kwao. Kwa hiyo habari za Waisraeli kutoka Misri hazikuwa hadithi kwake. Alizisimulia kama habari za shangazi zake, na mimi nilijivuna nazo mbele ya wenzangu kanisani. Jumapili moja mwalimu alitufundisha kwamba nchi ya ahadi ilijaa maziwa na asali. Nilipomweleza Bibi, alicheka hadi akaiacha mbuzi.

“Maziwa hata dukani yapo,” alisema. “Mtumwa hapandi mti, mjukuu wangu, maana hajui kesho atapelekwa wapi. Nchi ya ahadi ni pale unapopanda mti ukiwa na hakika watoto wako watakula matunda yake.”

Jioni ile ile alichukua nazi iliyochipua akaipanda kando ya mlango wa mbele, watu wakitazama. Kujificha hakukuwa tabia yake. Habari zikamfikia Salim, kifungua mimba wa Bi Rukia, naye akaja asubuhi.

“Shikamoo, Bi Dorkasi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mnazi huo ung’oke kabla ya Ijumaa, ama ung’oke pamoja na nyumba.”

Niliogopa sana. Nilikuwa nimeshaona majirani wakiezua mabati na kung’oa milango yao, wakiipakia mkokotenini kwenda kutafuta kiwanja kingine. Bibi alivaa gauni lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Bi Rukia. Salim alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake.

“Rukia, nimepanda mnazi kwako,” Bibi alisema baada ya salamu. “Udongo siudai. Nataka wajukuu wangu wale nilichopanda. Pakacha la kwanza la nazi zake, kila mwaka, litaingia mlango huu.” Akamweleza kwamba hata Waisraeli, walipoingia nchi yao, waliagizwa kupeleka malimbuko kapuni na kukiri kuwa nchi ile walipewa tu.

Bi Rukia alitafuna tambuu yake taratibu.

“Hata mie nimeazimwa, Dorkasi. Ardhi ni ya Mwenyezi Mungu. Salim, uwache mnazi wa watu.”

Dau la mnyonge haliendi joshi, wasema wahenga, lakini siku ile letu lilikwenda. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia kama mwenye mji. Ahadi ni deni, na Bibi alilipa: mnazi ulipozaa, nilibeba mimi pakacha la kwanza, nalo likarudi na vitumbua, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

Leo wazee wote wawili wamelala makaburini. Mjambere imejaa maghorofa, na wako wenye hati za ardhi wasiojua jina la jirani yao. Sisi hati hatuna, lakini pakacha halijakosa hata mwaka mmoja. Majuzi alikuja mnunuzi na gari lake, akakitaka kiwanja chote. Salim, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alimwongoza polepole hadi mlangoni petu, akauwekea mkono ule mnazi.

“Hapa hapauzwi,” akamwambia. “Pana mnazi wa watu.”